Kikohozi kisichoisha kwa mtu mzima: mwongozo kamili wa kukitambua kifaduro na kukabiliana nacho

Kabla hujasoma zaidi, fungua simu utafute ujumbe wa M-Pesa wa siku uliponunua dawa ya kikohozi kwa mara ya kwanza. Rudi nyuma siku mbili tatu kutoka hapo, maana hakuna anayekimbilia kemisti siku ile ile kooni kunapowasha, kisha iandike tarehe hiyo mahali. Hiyo ndiyo siku yako ya kwanza. Kwenye kifaduro karibu kila uamuzi unategemea hesabu hiyo: kipimo gani kitaona kitu, dawa itafaa ama imechelewa, na utaendelea kuwaambukiza watu mpaka lini.

Yangu niliipata hivyo hivyo. Shilingi 350, kemisti iliyo karibu na steji, tarehe 5 Julai. Kikohozi kilikuwa kimeanza tarehe 3. Kufikia siku nilipokutana na afisa wa kliniki aliyeniuliza swali la maana, ilikuwa siku ya 26 na nilikuwa nimemeza aina mbili za antibiotiki, nimemaliza chupa tatu za sirapu, na watu wa ofisini wamenihamishia meza karibu na dirisha. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Ukimaliza kukohoa, huwa unatapika?" Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa nikitapika kwa wiki mbili na sikumwambia daktari yeyote, kwa kuwa nilidhani ni tumbo.

Mimi si daktari. Haya niliyokusanya ni yale ambayo ningefurahi kuambiwa siku ya 5.

Ugonjwa wa watoto, walituambia

Wengi wetu tunalijua neno kifaduro kutoka kwenye kadi ya chanjo: dondakoo, kifaduro, pepopunda, sindano moja, mtoto analia, basi. Wakenya tumekuwa tukichanja watoto sindano ya magonjwa matano kwa pamoja tangu 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na kifaduro kimo humo. Kinga hiyo inamwokoa mtoto katika umri ule ambao ugonjwa huua. Lakini haidumu maisha. Inapungua mwaka baada ya mwaka, na hata aliyewahi kuugua kifaduro chenyewe hawi salama milele. Ukiwa na miaka 35 na ulichomwa mwisho ukiwa mgongoni kwa mama, mwili wako umeshasahau mengi.

Kinacholeta ugonjwa ni bakteria anayeitwa Bordetella pertussis. Jina la kwanza limetokana na Jules Bordet, Mbelgiji ambaye pamoja na mwenzake Octave Gengou walifaulu kumkuza maabara mwaka 1906. Hujibandika kwenye vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye njia ya hewa, kisha anatoa sumu inayoviharibu. Hapa ndipo penye siri ya ugonjwa wote. Kikohozi kinapofikia ukali wake bakteria wenyewe huwa wanapungua, ila ufagio umekwisha kuvunjika na njia ya hewa imebaki nyepesi kushtuka kwa kila kitu. Kuukarabati ufagio huo huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana Wachina huuita kikohozi cha siku mia.

Hatua ya kwanza: tazama unavyokohoa

Kikohozi cha kawaida cha mafua kiko nawe mchana kutwa, ehe-ehe ya hapa na pale. Kifaduro kina tabia nyingine. Wiki moja au mbili za kwanza huwezi kukitofautisha na homa ya Julai ya Nairobi: pua inavuja, macho yana machozi, joto la mwili si kubwa. Baadaye mafua yanaondoka lakini kikohozi kinabaki, na kinabadilika kuwa mikupuo. Unakaa saa nzima mzima kabisa, unaongea, unacheka, halafu kitu kinakutekenya kooni na kikohozi kinakuja mara kumi, kumi na tano, mfululizo, bila nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Uso unaiva, machozi yanatiririka. Mwishoni unavuta hewa kwa nguvu, na huenda ukatoa ule mlio mwembamba mrefu ambao mama zetu waliutambua wakiwa chumba cha pili.

Huo mlio ndio unaowapoteza watu wengi, wauguzi kwa madaktari. Watu wazima wengi hawautoi kamwe. Kwa hiyo usiusubiri. Angalia haya: mikupuo inayokunyima pumzi, kutapika au kukabwa na ute mzito baada ya mkupuo, kuzidiwa usiku, na kuwa sawa kabisa kati ya mkupuo mmoja na mwingine. Dalili ya mwisho ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Pia fikiria ni nani aliyekohoa karibu nawe siku 7 hadi 10 kabla ya tarehe yako, ingawa muda huo unaweza kufika hata wiki tatu. Mimi sikuwa na haja ya kwenda mbali. Abiria wa siti ya nyuma kwenye matatu ya Jogoo Road hujui majina yao, lakini kikohozi chao mnakigawana.

Sasa la muhimu: mwambie mtu wa nyumbani akurekodi kwa simu wakati wa mkupuo. Utaona aibu, vumilia. Ukifika kwa daktari utakuwa umepoa, kifua ukisikilizwa kiko safi, na picha ya kifua mara nyingi haionyeshi kitu. Bila video, wewe ni mtu mzima mwenye afya anayelalamika. Yangu ilikuwa ya sekunde 40, saa tisa usiku, nimeinama juu ya karai, na ndiyo iliyofunga mjadala.

Hatua ya pili: kifua kikuu kwanza

Hapa sitaki ubishi. Katika jiji hili, kikohozi kikifika wiki mbili, cha kwanza kuondolewa shaka ni kifua kikuu, hata kama una hakika ya kifaduro, hata kama hujakonda. Vituo vya afya vya umma hupima makohozi kwa mashine ya GeneXpert bila malipo, na dawa za kifua kikuu pia ni bure. Toa kohozi la kutoka kifuani, si mate, na la asubuhi ndilo zuri zaidi. Ukikohoa damu, ukitokwa jasho usiku hadi shuka inalowa, ukipungua uzito au ukikaa na joto la jioni, usisubiri hata hizo wiki mbili. Na kama hujui hali yako ya HIV, pima siku hiyo hiyo, kwa kuwa jibu hilo hubadilisha orodha nzima ya vitu ambavyo daktari atavitafuta.

Waliobaki kwenye foleni ya washukiwa nitawapitia upesi. Pumu, hasa ukisikia kifua kikipiga filimbi. Kamasi inayoshuka kooni kutoka puani. Asidi ya tumbo inayopanda ukilala. Moshi wa jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, na sigara. Kisha mmoja ambaye watu humsahau: vidonge vya presha kama enalaprili na lisinoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu ambacho hakitaisha mpaka dawa ibadilishwe. Ukiwa unameza mojawapo, ipeleke paketi kliniki, lakini usiiache kwa uamuzi wako.

Hatua ya tatu: siku ya kwenda kliniki

Peleka vitu vitatu: tarehe, video, na paketi za dawa zote ulizomeza. Vaa barakoa. Kisha sema wazi, "Naomba tufikirie kifaduro," maana mtu aliyeona wagonjwa sitini tangu asubuhi hatalifikia jina hilo peke yake kwa mgonjwa mwenye ndevu.

Vipimo huenda na kalenda. Ukiwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, bakteria anaweza kukuzwa maabara. Hadi wiki ya tatu, au ya nne kwa kubahatisha, kuna kipimo cha PCR, kile kile tulichokizoea wakati wa Covid: kijiti chenye pamba kinachopitishwa puani mpaka nyuma kabisa, pale unapohisi kimegusa ubongo. Kikiishia mlango wa pua, jibu halina maana, kwa hiyo usimwonee haya anayekupima. Baada ya hapo bakteria huwa wamepungua mno, na kinachobaki ni kipimo cha damu cha kutafuta askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya sumu ya kifaduro. Hicho hufaa kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya nane, hata kumi na mbili.

Si kila maabara ya mtaani hufanya vipimo hivi. Piga simu kwanza kwenye maabara kubwa za mjini uulize mambo mawili: wanafanya, na ni pesa ngapi. Na pesa zikikosekana je? Daktari anaruhusiwa kukutibu kwa dalili pekee, hasa kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mjamzito. Jibu la PCR likisema hakuna kitu na uko wiki ya tano, halikuondolei kifaduro. Linasema tu ulichelewa kufika.

Hatua ya nne: dawa, na kwa nini yangu haikusaidia

Dawa inayotumika sana ni azithromaisini kwa siku tano. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 500 siku ya kwanza, kisha 250 kila siku kwa siku nne. Klarithromaisini ya siku saba na erithromaisini ya siku kumi na nne ni za familia hiyo moja, na asiyeweza kuzimeza ana njia nyingine ambayo daktari ataijua. Ile amoksilini tunayopewa kwa kila kitu haimwondoi bakteria huyu ipasavyo. Nilimeza vidonge 21 vya amoksilini kabla ya kulijua hilo.

Tusidanganyane kuhusu kinachotarajiwa. Ukianza dawa wiki ya kwanza au ya pili, inaweza kuupunguza ugonjwa. Ukianza baada ya mikupuo kushika kasi, kazi yake kubwa ni kukuzuia kuambukiza wengine: baada ya siku tano za dawa sahihi huhesabiki tena kuwa hatari kwao. Usipotumia dawa, utaambukiza mpaka kama wiki tatu tangu mikupuo ianze. Ukishapita siku ya 21 ya kukohoa, kwa kawaida dawa haina faida kwako tena, isipokuwa kwa mjamzito na mtoto mchanga, ambao hutibiwa hata wiki ya sita. Mimi nilifika siku ya 26. Afisa yule alinitazama, akaandika kipimo cha damu, akaniambia nirudi nyumbani nikakohoe.

Azithromaisini usijinunulie. Inaweza kuyumbisha mapigo ya moyo kwa wenye matatizo ya moyo na kwa wanaotumia dawa fulani, na tukiimeza ovyo tunawafundisha bakteria kuizoea. Sirapu za dukani hazigusi mikupuo ya kifaduro. Nilizijaribu nyekundu, ya kahawia na ile ya kijani inayonukia mnanaa. Zinazolevya, zenye kodini, ndizo mbaya kabisa: shida inabaki pale pale na unapata shida ya pili.

Hatua ya tano: kuishi na mikupuo

Hii ndiyo sehemu ndefu ya ugonjwa na ndiyo ambayo hakuna anayekueleza. Una wiki sita, nane, pengine kumi za kusukuma.

Mkupuo ukianza, kaa wima na uiname mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Usilale chali. Usipigane nao wala usijaribu kuvuta pafu zima la hewa kwa mara moja, maana koo linaweza kujifunga, ukabaki sekunde kadhaa hewa haiingii wala haitoki. Hali hiyo inatisha kuliko yote. Fahamu kwamba koo hufunguka lenyewe. Funga mdomo, vuta taratibu kwa pua, kidogo kidogo kama mtu anayenusa chai. Waambie walio karibu wasikupige mgongo wala wasikunyweshe maji katikati ya mkupuo. Mke wangu alikuwa akishika tu bega langu na kuhesabu kwa sauti ya chini, na hesabu ile ilinisaidia kuliko chupa zote tatu.

Kula kidogo mara nyingi. Ugali mkavu, mahindi ya kuchoma na karanga viliniangusha kila mara, chembe moja kooni na safari imeanza. Uji, ndengu zenye mchuzi mwingi na viazi vilivyopondwa vilipita. Ukitapika, subiri dakika kumi na tano ule tena, kwa sababu wakati huo ndipo tumbo lina amani. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala hutuliza koo la mtu mzima. Mtoto asiyefikisha mwaka asipewe asali kabisa, hata ya kuramba.

Kaa mbali na moshi. Jirani akiwasha jiko kwenye korido ya ploti, funga mlango na dirisha la upande huo ufungue la upande mwingine. Baridi ya alfajiri ilinianzia mikupuo kila nilipotoka nyumbani, mpaka nikaanza kufunga skafu puani. Kucheka pia. Nilikaa Agosti nzima nikiwakwepa marafiki wawili kwa sababu wanachekesha.

Mikupuo mikali huweza kuvunja ubavu, kuleta ngiri, kuvilisha damu kwenye weupe wa jicho, na kukutoa mkojo kidogo, jambo ambalo wanawake wengi hulificha. Kuna pia wanaozimia kwa sekunde chache kileleni mwa mkupuo. Kama limekutokea hata mara moja, usiendeshe gari wala bodaboda, usisimame juu ya sufuria ya mafuta moto, na usipande ngazi za mjengo mpaka mikupuo itulie. Jicho jekundu, kwa kutisha kwake, huisha lenyewe bila dawa.

Rudi hospitali haraka ukipata joto jipya, makohozi ya rangi yaliyokuja ghafla, pumzi fupi hata wakati hukohoi, maumivu makali ya kifua unapovuta hewa, au midomo kuwa ya buluu. Hayo yanaweza kuwa homa ya mapafu juu ya kifaduro.

Kuhusu kazi: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Siku tano za dawa zinaingia humo bila kubanana. Wa kibarua cha siku hana bahati hiyo. Kwake barakoa na kufanya kazi penye hewa wazi ndiyo njia iliyobaki.

Na usishtuke miezi ikipita, upate mafua madogo ya kawaida, na mikupuo ikarudi wiki nzima kama deni la zamani. Si kifaduro kipya. Ni ule ufagio ambao bado haujapona sawasawa.

Hatua ya sita: mtoto mchanga

Mtu mzima huteseka na kupona. Mtoto wa mwezi mmoja anaweza kufa, na mara nyingi anayemletea ugonjwa ni mtu mzima wa nyumbani mwenye "kikohozi kidogo tu". Mtoto mdogo hivyo huenda hata asikohoe: anaacha kupumua kwa muda, anageuka rangi, analegea. Ukiona hivyo, usitafute kemisti, kimbia hospitali kubwa iliyo karibu. Mwaka 2024 England ilipopata mkurupuko wa wagonjwa zaidi ya 14,000 waliothibitishwa, watoto wachanga 11 walifariki. Huko wajawazito hupewa chanjo ya kifaduro tangu 2012, ili mtoto azaliwe na kinga aliyoazimwa na mama.

Kwetu, sindano ya pepopunda anayopewa mama kliniki haina kifaduro. Wengi hudhani wamekingwa. Ukiwa mjamzito na una uwezo, uliza vituo vya chanjo vya hospitali kubwa za kibinafsi kama wana chanjo ya nyongeza ya watu wazima yenye kifaduro, na umhusishe daktari wako wa kliniki. Wababa na yaya pia wanaweza kuichoma. Mtoto naye asicheleweshwe hata wiki moja kwa sindano ya wiki ya 6.

Kama wewe ndiye mgonjwa na mnaishi na mtoto mchanga au mjamzito, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Watu wote wa nyumba hiyo wanaweza kupewa antibiotiki ya kuzuia hata kama hawakohoi, mradi siku 21 tangu uanze kukohoa hazijapita. Tarehe tena.

Dada yangu wa Kasarani alijifungua tarehe 20 Julai. Kumwona mtoto kwetu si jambo la mzaha: unakwenda na unga, maziwa na sukari, unakaa, unampakata, anakutemea kidogo begani na kila mtu anacheka. Nilimpigia simu siku ya 26, nikamweleza. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama ningekuja lini kabla sijajua. Nikamwambia Jumapili iliyopita, ila matatu zilikuwa zimegoma. Afisa wa kliniki alisema muda wa kuambukiza ungeisha Agosti, lakini sikuthubutu. Nilikwenda tarehe 5 Oktoba, siku yangu ya 95, mtoto ana wiki kumi na moja na sindano mbili pajani. Nilikohoa mara moja tu, nje, getini.